Ituri: Vigoga, mimea midogo iliyosahauliwa katika historia ya msitu

Mbao kutoka misitu ya Mambasa hupitia Bunia, Mahagi na Aru kabla ya kuvuka mpaka kuingia Uganda, na wafanyabiashara wa Ariwara wanazijua kwa jina, kwa unene na kwa bei. Lakini kuna kitu kilichokuwa juu ya miti ile ambacho hakifiki sokoni: vigoga, ile mimea mifupi, laini, ya kijani inayofunika magome, matawi na mawe yenye unyevu. Wengi waliisoma shuleni kwa Kifaransa kama mousse. Kwa zaidi ya miaka mia moja, karibu kila mgeni aliyeingia katika msitu wa Ituri alikuwa akitafuta kitu kingine.

Henry Morton Stanley aliupita msitu huo mwaka 1887 akimtafuta Emin Pasha. Baada yake utawala wa Mfalme Leopold II ulitaka mpira na pembe za ndovu. Mwaka 1901 wataalamu wa London walimpa jina la kisayansi okapi, mnyama ambaye Wambuti walimjua tangu zamani. Mwaka 1903 dhahabu ilionekana Kilo, na Ituri ikawa nchi ya migodi.

Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, ambayo kituo chake kikuu kilijengwa Yangambi, karibu na Kisangani. Leo kituo hicho kiko chini ya INERA, na hifadhi yake ya mimea iliyokaushwa ina sampuli zaidi ya 100,000. Hata hivyo, kazi kubwa ya taasisi ilikuwa michikichi, kahawa, mpira na miti ya mbao. Vigoga havikuwa na bei, kwa hiyo havikupewa nafasi ya mbele.

Mimea hii ina maisha ya pekee. Haina mizizi ya kweli, wala maua, wala mbegu. Hunywa maji moja kwa moja kwa majani yake, na huzaana kwa chembe ndogo kama vumbi zinazobebwa na upepo. Duniani kuna aina zake takriban 12,000. Katika msitu wa tambarare kama ule wa mti wa mbau huko Ituri, vigoga ni vichache ardhini kwa sababu majani makavu yanayoanguka huvifunika. Vingi viko juu, kwenye magome na matawi, mahali ambapo mtu anayetembea chini havioni.

Thamani yake ilipimwa vizuri nchi jirani ya Tanzania. Mtaalamu kutoka Hungaria, Tamás Pócs, aliyefundisha Morogoro, alipima mimea inayoishi juu ya miti katika milima ya Uluguru. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1980. Katika msitu mfupi wa ukungu karibu na vilele, alikuta karibu tani 14 za mimea hiyo, ikiwa mikavu, kwa kila hekta, na sehemu kubwa ilikuwa vigoga na jamaa zake. Mvua moja iliweza kuacha humo karibu lita 50,000 za maji kwa hekta. Kutoka milima hiyo hutiririka mto Ruvu, unaonywesha jiji la Dar es Salaam.

Ituri si Uluguru, na hesabu za mlimani haziwezi kuhamishwa hadi msitu wa chini. Katika msitu wa chini wa Uluguru wenyewe, Pócs alikuta tani 2 tu hivi. Lakini kazi ni ileile: mvua inapopiga, vigoga hushika maji na kuyaachilia taratibu, hewa ikabaki na unyevu hata mvua inapokatika. Mashariki mwa Congo, wataalamu wa Ujerumani walikusanya mimea hii Kahuzi na nchini Rwanda mwaka 1991. Miaka michache baadaye vita vilianza, na utafiti wa msituni ukawa jambo la hatari.

Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996. Mwaka uliofuata iliwekwa kati ya maeneo yaliyo hatarini. Juni 2012 kituo cha Epulu kilishambuliwa, watu wakauawa pamoja na okapi 14. Dunia iliwalilia watu na okapi, na ilikuwa haki. Vigoga haviwindwi na mtu. Vinakufa mti wake unapoangushwa, na hata kwenye miti iliyobaki vinakauka pale jua na upepo vinapoingia kupitia pengo.

Sheria ya misitu ya Agosti 2002 na ile ya kuhifadhi mazingira ya Februari 2014 zipo. Mkataji anayeacha miti ya kando ya vijito na miti mikongwe iliyojaa matawi anaviachia vigoga makao na chembe za kuota tena. Msumeno ukipita kila mahali, miche ya miti inaweza kupandwa, lakini vigoga havipandwi. Vinarudi vyenyewe, polepole sana, na ni pale tu ambapo kivuli na unyevu vimerudi kwanza.