Bandu Bandu Huisha Gogo

Neno udikteta likitajwa, wengi hufikiri habari za vifaru barabarani, askari katika nyumba ya redio, na katiba iliyochanwa mchana kweupe. Mambo hayo yamepata kutokea katika nchi nyingi, na hata mtoto huyatambua. Lakini iko njia nyingine ya kuwaondolea watu uhuru wao, nayo haina kelele. Bunge hukutana kama kawaida, uchaguzi hufanywa, mahakama hufunguliwa kila asubuhi, na kila jambo hutendwa kwa sheria. Wahenga walinena kwamba bandu bandu huisha gogo. Ewe msomaji, historia ya nchi yetu ya Kenya, tangu mwaka wa 1963 hata 1991, yatuonyesha maana ya maneno hayo.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, katiba yake ilikuwa na nguzo nyingi. Bunge lilikuwa na mabaraza mawili, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti. Majimbo yalikuwa na mamlaka yao. Ili kubadili katiba, zilitakiwa robo tatu za wabunge wote, na kwa vifungu vilivyolindwa zaidi zilitakiwa sehemu tisa katika kumi za Seneti. Mwaka wa 1965 kiwango hicho kikashushwa hata asilimia 65. Angalia vema jambo hili. Siku ile hakuna mtu aliyefungwa, wala gazeti lililozuiwa. Komeo la mlango lililegezwa tu. Lakini komeo halilegezwi bure, na baadaye wengi walipita katika mlango ule. Hii ndiyo dalili ya kwanza: kabla ya mambo kubadilishwa, hubadilishwa kwanza njia ya kuyabadilisha.

Dalili ya pili ni sheria inayotungwa kwa ajili ya watu fulani, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa. Katika mwezi wa Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais, alitoka katika chama cha KANU akawa kiongozi wa KPU, na baadhi ya wabunge wakamfuata. Mwezi ule ule katiba ikabadilishwa, kwamba mbunge akiacha chama kilichomsimamisha, apoteze kiti chake na kurudi kwa wapiga kura. Ukiisoma sheria hiyo peke yake, waweza kuiona ni ya haki, kwa maana mpiga kura ana haki ya kuulizwa. Lakini chama cha KADU kilipovunjwa mwaka wa 1964, na wabunge wake wakahamia KANU, hakuna aliyeambiwa arudi kwa wapiga kura. Sheria iliyokawia wakati jambo lilipowafaa wakubwa, ikaja mbio lilipowadhuru, imeacha kuwa mizani, imekuwa rungu. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966, KPU ilipata viti 9 tu, na Oktoba 1969 ikapigwa marufuku.

Dalili ya tatu ni mamlaka ya hatari yasiyokoma hatari ikiisha. Mwaka huo huo wa 1966 Serikali ilipewa uwezo mkubwa zaidi wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Tusiseme kwamba hapakuwa na sababu yoyote, kwa kuwa Vita vya Shifta vilikuwa vikiendelea kaskazini mashariki, na watu walikuwa wakifa. Vita hivyo vilikwisha mwaka wa 1967, lakini uwezo ule ulibaki. Mwezi wa Oktoba 1975, Martin Shikuku na Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, walikamatwa katika majengo ya Bunge lenyewe, baada ya Shikuku kukikosoa chama cha KANU alipokuwa akizungumza Bungeni. Wakakaa kizuizini mpaka mwaka wa 1978. Bunge lililotoa mamlaka hayo ili yatumiwe mbali, sasa liliyaona yakiingia katika malango yake.

Mwezi wa Juni 1982 kifungu cha 2A kiliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, ingawa kwa kweli ilikuwa hivyo tangu 1969. Hapo waweza kudhani kwamba gogo limekwisha. La, bado walikuwapo watumishi wachache ambao kazi yao ni kusema hapana. Nao ni Mwanasheria Mkuu, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na majaji. Katiba iliwalinda wasifukuzwe kwa hiari ya mtu mmoja. Mwaka wa 1986 ulinzi huo uliondolewa kwa Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu, na mwaka wa 1988 ukaondolewa kwa majaji. Jaji alivaa joho lile lile, akaketi katika kiti kile kile. Lakini sasa alijua kwamba hukumu moja yaweza kumpotezea mkate wa watoto wake. Hii ndiyo dalili ya nne, nayo ni nzito kuliko zote.

Mwaka huo wa 1988 wanachama wa KANU walichagua wagombea wao kwa mlolongo, yaani kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea au picha yake, mbele ya macho ya chifu, jirani na tajiri wao. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa. Siri ya kura, iliyo ngao ya mnyonge, ikatoweka.

Labda utauliza, je, watu hawakuona? Walioona walikuwapo, na mawakili na viongozi wa makanisa walisema waziwazi. Lakini kila badiliko lilikuwa dogo, lilikuwa na sababu yake, na lilipofika, lililotangulia lilikuwa limekwisha kuzoewa. Kurudisha kilichopotea kulikuwa na gharama kubwa. Ulinzi wa majaji ulirudishwa mwaka wa 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, baada ya watu kupigwa, kufungwa, na wengine kufa. Katiba mpya ilipatikana mwaka wa 2010, nayo yataka kura ya maoni ya wananchi wote kabla ya kugusa mambo yake makuu.

Kijana msomaji, siku moja utasoma gazetini habari ya mswada mdogo, wenye maneno makavu na sababu nzuri. Usiupinge kwa kuwa tu umeletwa na Serikali, maana Serikali ina haki ya kutunga sheria. Lakini jiulize: Je, ungetungwa hivi kama wanaoumizwa nao wangekuwa rafiki za wakubwa? Utakoma lini? Na baada yake, ni nani atakayebaki mwenye uwezo wa kusema hapana bila kuogopa? Ukikosa jibu, sema mapema, gogo likingali zima.