HABARI ZA NTA NA PETE: TANGU MZINGA WA NYUKI HATA MASHINE YA KOMPYUTA

Huenda mwanachama atakayekifungua kijitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka 10 ya Union yetu akashangaa kuona habari za pete kati ya habari za kahawa, mizani na maghala. Pete zatuhusu nini sisi watu wa milimani wenye kulima kwa ngolo, na ndugu zetu wa mwambao wenye kulima muhogo na mpunga na kuvua usipa? Jibu letu ni fupi. Pete nyingi za dhahabu na fedha zivaliwazo leo duniani, kabla hazijawa madini, zilikuwa nta. Nayo nta mtu wa Lipingo aijua tangu utoto wake. Huitoa katika mzinga uliotundikwa mtini, na wako wanaoitupa wakiisha kukamua asali. Kwa hiyo tumeona yafaa tueleze safari ya nta hiyo, jinsi ilivyopata heshima mikononi mwa masonara, jinsi ilivyopokonywa nafasi yake na nta ya kiwandani, na jinsi mashine inayoongozwa na kompyuta ilivyoingia katika kazi ambayo zamani ilikuwa ya kisu na vidole.

Njia yenyewe ni ya kale mno. Katika bonde la mto Indus, kwenye magofu ya Mohenjo-daro, kumeonekana sanamu ndogo ya shaba nyeusi ya msichana, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, iliyosubiwa kwa njia ya nta. Katika Afrika yetu, mafundi wa Ife na wa Benin, katika nchi iitwayo leo Nigeria, walifikia ustadi ambao Wazungu walipouona mara ya kwanza walitaabika kuamini. Fundi alifinyanga au kuchonga kitu chake kwa nta, akakifunika kwa udongo laini, akaacha tundu, kisha akachoma. Nta ikayeyuka na kutoka, udongo ukabaki na nafasi tupu yenye sura ileile, na humo akamimina madini yaliyoyeyuka. Udongo ulipovunjwa, kitu kikatoka. Kila nta ilitoa kitu kimoja tu, kwa maana nta ilikuwa imekwisha kupotea.

Katika pwani yetu mambo yalikuwa mbali kidogo. Sonara wa Unguja na wa Lamu alipenda zaidi kufua, kuvuta waya na kulehemu. Fedha yake mara nyingi ilikuwa riale za Maria Theresa, ile sarafu ya Austria iliyoendelea kupigwa kwa tarehe ya 1780 hata baada ya malkia mwenyewe kufa. Aliziyeyusha, naye mteja alilipa kwa uzito wa fedha na kuongeza ujira wa fundi. Huo ulikuwa utaratibu wa haki, kwa sababu mizani ilikaa mbele ya macho ya wote wawili.

Nta ya barani nayo ilikuwa ikishuka pwani. Katika enzi ya Wajerumani ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa merikebuni kwenda Ulaya, pamoja na mpira, pembe na ngozi. Ilitumika kwa mishumaa ya kanisani, dawa za kupaka, dawa ya kung'arisha mbao, na vielelezo vya masonara na vya waganga wa meno. Mrina asali wa misitu ya miombo hakuambiwa lolote katika hayo. Aliuza bonge, akapata nguo au chumvi, basi. Ugonjwa huu wa kuuza bila kujua mali yaenda wapi ndio uliowafanya wakulima wa tumbaku wa Songea, Wangoni pamoja na Wamatengo, kuunda chama chao kikuu mwaka 1936. Na ijapokuwa vyama vikuu vilivunjwa nchini mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, maradhi yenyewe hayajapona yote.

Sasa turudi kwa nta. Mtu aliyeiamsha njia ya kale katika dunia ya viwanda hakuwa sonara, alikuwa mganga wa meno. Mwaka 1907 William H. Taggart wa jimbo la Illinois, Marekani, aliwaonyesha wenzake jinsi ya kuziba jino kwa dhahabu iliyosubiwa: kielelezo cha nta, jasi juu yake, moto, kisha dhahabu kusukumwa kwa nguvu ya hewa hata ijaze kila upenyo. Masonara wakaona kwamba kilichofaa jino chafaa na pete. Baadaye ikaja kalibu ya mpira. Fundi hutengeneza pete moja ya madini, huifunga katikati ya mpira, huupika mpira huo, huukata pande mbili na kuitoa pete. Kisha humimina nta ndani ya nafasi hiyo mara mia, na kupata vielelezo mia vilivyo sawasawa.

Bwana mmoja aitwaye Jungersen alipewa hataza ya Marekani mwaka 1938 kwa njia iliyounganisha kalibu ya mpira na nguvu ya kuzungusha, naye akadai ada kwa watengenezaji. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, nayo mwaka 1949 ikaamua kwamba hataza haina nguvu, kwa sababu hatua zake zilikuwa zimekwisha kujulikana. Na miongoni mwa mashahidi wa kale alitajwa Cellini, sonara wa Italia wa karne ya 16. Sisi twaiona hukumu hiyo kuwa njema. Kama kazi ya nta ingaliwekwa chini ya kufuli ya mtu mmoja, mafundi wadogo wa dunia nzima wangalikuwa vibarua wake.

Mashine ya kompyuta nayo ilizaliwa mbali na pete. John Parsons wa Michigan, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, alitaka chuma kichongwe kwa kufuata hesabu badala ya jicho. Kazi hiyo ikapelekwa katika chuo cha MIT, na mwaka 1952 ikaonyeshwa mashine ya kuchonga iliyopokea amri zake kutoka kwenye utepe wenye matundu. Mtambo wa kuiongoza ulijaza kabati kubwa. Ilichukua muda mrefu hata uwezo huo ukakaa juu ya meza ya sonara. Mwaka 1998 ilitolewa Rhino, programu ya kuchora maumbo ambayo masonara wengi waliipokea, na miaka michache baadaye kampuni ya Kijapani Roland DG ikatoa mashine za aina ya JWX zilizokusudiwa kazi ya vito na nta.

Tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo penye mafunzo. Kwanza pete huchorwa katika kompyuta kwa vipimo kamili: upana wa tundu la kidole, unene wa ukingo, kiti cha jiwe. Mchoraji mwenye akili huongeza kidogo kila upande, maana madini yakipoa hunywea, na tupa na ung'arishaji hula sehemu nyingine. Kisha programu ya pili huugeuza mchoro kuwa njia: kikata kipite hapa, kishuke kiasi hiki, kiinuke, kirudi. Bonge la nta hufungwa kwenye jiliwa, au kipande cha mche hushikwa na kifaa kinachozunguka. Mashine ina mihimili mitatu, kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Na kizungusho kikiongezwa huwa wa nne, ndipo pete iweze kuchongwa kuizunguka bila kufunguliwa.

Kikata kinene hupita mara ya kwanza na kuacha ngozi nyembamba juu ya umbo. Halafu huja kikata chembamba kama ncha ya sindano, kikizunguka maelfu ya mara kwa dakika, nacho hupita mstari kando ya mstari, kama mtu apalilie shamba bila kuruka tuta. Saa hupita. Vishikizo vidogo huachwa ili pete isianguke, na mwisho fundi huvikata kwa msumeno mwembamba. Mashine haiwezi kila kitu: penye uvungu ambapo kikata hakifiki, mkono wa mtu ndio umalizao.

Nta ya nyuki haifai katika mashine hii. Huyeyuka kwenye sentigredi 62 hata 64, hulainika kwa joto la kikata na kung'ang'ania meno yake. Nta itumikayo ni ya kiwandani, ngumu, nayo huyeyuka kwa joto lipitalo la maji yachemkayo. Masonara huitambua kwa rangi: ya kijani ni ngumu kuliko zote, ya zambarau ni ya kati, ya buluu hupindika kidogo bila kuvunjika.

Kielelezo kikiwa tayari hutiwa mrija wa nta, huunganishwa na vingine katika shina moja kama matawi ya mti, huwekwa ndani ya mkebe wa chuma na kumiminiwa jasi iliyochanganywa na unga wa silika. Mkebe hupashwa polepole tanurini kwa saa nyingi hata sentigredi 730 hivi. Kuharakisha kwapasua jasi, na kuzidisha moto huifanya jasi itoe moshi wa kiberiti uharibuo madini. Ndipo dhahabu humiminwa.

Na sasa jambo ambalo watu wa mizani watalipenda. Nta ina uzito unaokaribia uzito wa maji, kwa hiyo sonara akipima kielelezo ajua gharama kabla hajayeyusha hata punje ya dhahabu. Gramu 1 ya nta hutoka gramu 10 na kidogo za fedha ya 925, au gramu 15 na zaidi kidogo za dhahabu ya karati 18. Pete yenye nta ya gramu 0.4 yataka dhahabu gramu 6 hivi. Na mchoraji akiikomba kwa ndani apunguze gramu 0.1, ameokoa gramu moja na nusu ya dhahabu. Mwenye mchoro, basi, ndiye anayeamua faida. Tena mchoro siku hizi ni faili: hunakiliwa bila kuchakaa, na aliyeuachia mchoro wake bila mapatano ameachia pete zote zitakazotoka humo.

Twalisema hili kwa sababu ya yaliyotokea jirani. Katika miaka ya 1990 yakuti zilipoonekana Tunduru, wanunuzi walifika kutoka Thailand na Sri Lanka, na mawe yakaenda kukatwa na kutiwa katika pete ng'ambo. Mkoa wetu wa Ruvuma ulibaki na mashimo na hadithi. Tangu hapo nchi imesogea: Kituo cha Jemolojia cha Arusha kinafundisha vijana kukata vito, masoko ya madini yalianza kufunguliwa mwaka 2019, na kiwanda cha kusafishia dhahabu kikafunguliwa Mwanza mwaka 2021. Hatusemi mashine ya kuchonga nta iletwe Lipingo kesho. Mchoro, lakini, hauhitaji tanuri, nao hupelekwa kokote kwa simu. Kijana wa mwambao aliyejifunza kuchora kwa kompyuta aweza kuuza kazi yake Arusha bila kupanda meli wala basi. Kwa maoni yetu, fedha ya chama itumikayo kumsomesha kijana huyo ina matumaini kuliko fedha ya kununulia mashine itakayokosa fundi na umeme wa kutegemewa. Kadhalika, mahali pengi mashine za kuchapa vielelezo kwa matabaka zimekwisha kuipokonya ile ya kuchonga sehemu ya kazi yake, na anayenunua chombo leo hununua kitakachozeeka.

Na nta yetu? Haikufukuzwa kabisa. Masonara bado huichanganya katika nta laini ya kufinyangia kwa mkono na ya kugandishia mirija, na wanunuzi wa dawa na vipodozi huihitaji zaidi. Sharti lao ni usafi. Masega yayeyushwe katika maji, wala si juu ya moto mkavu, maana nta iliyoungua huwa nyeusi na kushuka bei. Ichujwe kwa kitambaa, igandishwe polepole, na takataka za chini zikwanguliwe kwa kisu. Mtu akichanganya nta ya mafuta ya taa ili kuongeza uzito, mnunuzi huipima kwa joto la kuyeyukia na kulikataa gunia zima, pamoja na nta ya jirani yake iliyokuwa safi.