Okapi ya mjomba: kisu cha Mjerumani, chuma cha nani?

Wadau, leo siasa naziweka pembeni. Nina kisu mezani na nataka tukijadili.

Ukikutwa Kariakoo saa tatu usiku na kisu cha kukunja mfukoni utakuwa na kazi ya kujieleza. Kwa sisi wa mjini kisu cha kukunja maana yake ni kibaka, basi. Lakini nenda Lionja, kule kwetu upande wa Nachingwea na Ruangwa, ukamwambie mzee wa miaka sitini kwamba kisu chake ni silaha. Atakucheka. Hicho ndicho anachochongea mpini wa jembe, anachomenyea muhogo, anachokatia kamba ya mbuzi. Mwanamume mzima kutembea bila kisu ni sawa na mwandishi kwenda kwenye mkutano bila kalamu (tunawajua, ila tuyaache hayo).

Hiki nilicho nacho ni Okapi. Alinipa mjomba. Simaanishi anko wa mjini ambaye ni rafiki wa baba, namaanisha mjomba hasa, kaka yake mama, tumbo moja. Alikinunua Masasi miaka ya 1990 kwa mfanyabiashara aliyekuwa akivuka Ruvuma. Mpini ni wa mti, umepigiliwa vipande vidogo vya chuma vyenye umbo la mwezi na nyota. Nyuma kuna pete: ukiivuta, bapa linaachia na kujikunja. Ukilifungua linalia kra-kra-kra kama saa inayotiwa ufunguo. Bapa lenyewe ni jeusi-kijivu na kwa kunolewa limepungua upana karibu theluthi nzima.

Nilidhani ni kitu cha Afrika Kusini, maana ndivyo kilivyoandikwa. Kumbe stori ni ndefu zaidi. Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, na kilitengenezwa makusudi kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Yaani wateja tulikuwa sisi. Ni mwaka 1988 tu ndipo utengenezaji ulipohamia Afrika Kusini, na hadi leo vinatoka huko. Hata jina lina kituko chake. Okapi ni mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, ndugu yake twiga. Wambuti walimjua na kumla tangu enzi, lakini wanasayansi wa Ulaya walimtangaza kuwa "amegunduliwa" mwaka 1901. Mwaka mmoja baadaye jina lake liko kwenye kisu! Walijua biashara wale.

Sasa tuangalie huo mwaka 1902 huku kwetu ulikuwaje. Ndio mwaka ambao Gavana von Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya kijiji, watu wakawa wanapelekwa kulima kwa nguvu chini ya maakida na majumbe. Miaka mitatu baadaye, Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi wakang'oa pamba, na Maji Maji ikaanza. Wamwera wa Lindi waliingia mapema. Vita vilipoisha mwaka 1907, kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe walikuwa wamekufa watu 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa aliifikisha kati ya 250,000 na 300,000, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mkono mmoja unauza kisu, mwingine unachoma ghala. Sisemi kisu kilileta vita. Nasema vilikuja na meli zilezile.

Lakini jambo linaloninyima usingizi ni jingine. Kwa nini tulihitaji kuuziwa kisu?

Kisu hiki ni cha chuma cha kaboni, na hapo inabidi tuelewane kidogo. Chuma kitupu ni laini, kinapinda. Ukikichanganya na kaboni kidogo tu, kama nusu ya asilimia hadi asilimia moja, kinakuwa chuma cha pua: ukikichoma hadi kiwe chekundu na kukipoza ghafla kinakuwa kigumu na kinashika makali. Okapi kina kaboni kama asilimia 0.55. Siri yote iko hapo, kwenye hiyo nusu.

Na siri hiyo Waafrika waliijua. Miaka ya 1970 Peter Schmidt na Donald Avery walifanya utafiti kwa Wahaya, Kagera. Wazee waliokuwa wanakumbuka kazi waliombwa kujenga tanuri tena. Wakachimba shimo, wakalijaza majani ya kinamasi yaliyounguzwa, wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri ili upepo wa mivukuto upate moto kabla haujafika kwenye mkaa. Kilichotoka kilikuwa na chuma cha kaboni ndani yake. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Science mwaka 1978, pamoja na ushahidi wa matanuri ya zamani yenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Wapo wataalamu wanaobishana nao kuhusu hiyo habari ya upepo kupashwa moto, na wabishane, ndiyo kazi yao. Kwamba chuma kilitoka, hilo halina ubishi.

Mtasema Kagera ni mbali na Lionja, na ni kweli. Basi sogea karibu. Padri Yohanna Abdallah wa Unangu, ng'ambo ya Ruvuma, aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao, ikachapishwa mwaka 1919. Humo anawataja Wachisi, ukoo wa wahunzi. Walifua majembe, wakazunguka nayo vilimani na mabondeni wakibadilishana na watu, na anaeleza kwamba ni katika mizunguko hiyo Wayao walijifunza safari na hatimaye njia ya kwenda pwani. Soma tena hapo. Tunafundishwa kwamba biashara ya masafa marefu ya kusini ni pembe za ndovu na watumwa. Padri anasema kabla ya hayo kulikuwa na jembe, na mtu aliyejua kulifua.

Wachisi walishindwa na nini? Hawakushindwa na ujinga. Kuyeyusha chuma kunataka mkaa mwingi, watu wengi, na siku nyingi za utulivu. Karne ya 19 iliondoa utulivu kwa biashara ya watumwa na uvamizi, kisha mkoloni akachukua watu kwa kodi na kazi za lazima, na juu yake akaleta chuma cha kiwandani cha bei rahisi. Sehemu nyingi za Tanganyika matanuri yalizimika mwanzoni mwa karne ya 20. Uhunzi haukufa, kilichokufa ni kuyeyusha. Tangu hapo mhunzi wetu anafua chuma cha mtu mwingine.

Na Nachingwea kilikuja kingi. Baada ya vita vya pili Waingereza walipanga kulima karanga Tanganyika, zaidi ya ekari milioni 3: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta hadi vifaru aina ya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Wakajenga na reli. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zikaenda na maji, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zilibaki barabara, majengo na vyuma. Leo ukienda kwa mhunzi utamkuta anafua springi ya lori. Hajasoma kemia lakini hakosei: springi ina kaboni kama asilimia 0.6, ni ndugu kabisa wa Okapi. Anaipoza kwenye oili chafu, siyo maji, kwa sababu maji yanaipasua. Muulize nani alimfundisha. Atakwambia baba, au mjomba.

Adui wa kisu hiki alizaliwa mwaka 1913 kule Sheffield, Uingereza, pale Harry Brearley alipochanganya chuma na kromiamu kama asilimia 13 na kupata chuma kisichoshika kutu. Ndiyo stenlesi. Siichukii, kijiko changu ni stenlesi. Lakini leo Wamachinga wa Kariakoo (ambao jina lao, tukumbushane, limetokana na watu wa kwetu Lindi) wanakuuzia kisu cha stenlesi kinachong'aa kama kioo, makali yameisha baada ya nyanya ishirini, na ukikinoa hakinoleki. Unatupa, unanunua kingine. Stenlesi nzuri ipo, ila siyo hiyo ya kwetu.

Cha mjomba hakiwezi kutupwa, ila kinataka mtu. Alinikalisha chini siku mbili nzima kunielekeza, na mengi aliyosema nimeyathibitisha kwa kusoma baadaye.

Kwanza, kisilale na maji. Ukimaliza kukata, futa, kausha, ndipo ukunje. Unyevu ukiingia kwenye ule mfereji wa mpini unakaa humo, na kutu inaanzia kwenye pini usikoona. Dar ndiyo mbaya zaidi, hewa yetu ina chumvi.

Pili, kutu nyekundu na weusi si kitu kimoja. Nyekundu inakula. Unaiondoa mapema kwa jivu laini na kitambaa, ikikaidi kwa msasa mwembamba wenye mafuta. Ule weusi wa kijivu uache. Kwetu unakuja wenyewe msimu wa korosho: ukikata mabibo bapa linageuka jeusi hapohapo, kwa sababu maji ya bibo yana tanini, na tanini ikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi inayoganda. Ndimu na embe pia hutia weusi. Weusi huo unapunguza kasi ya kutu. Nimeona vijana wa mjini wanasugua visu vya babu zao kwa stili waya mpaka ving'ae, wanadhani wanasafisha. Wanavivua nguo.

Mafuta: mjomba alitumia ya nazi maisha yake yote. Yanafaa kwa kisu kinachotumika kila siku, lakini kikikaa kabatini yanaganda na kunata. Mimi natumia mafuta ya cherehani kwenye pini, tone moja, na ya nazi kwenye bapa kwa sababu ndilo linalogusa chakula.

Halafu kinoo. Hapa mjomba alikuwa mkali hasa. Lowesha jiwe, laza bapa, kisha inua mgongo wake kidogo tu, kama unene wa shilingi mbili zilizopandana. Idadi ile ile kila upande. Usikandamize. Na asikichukue yule jamaa wa baiskeli mwenye jiwe la kuzunguka! Namheshimu, ananoa mapanga vizuri, lakini bapa jembamba kwenye jiwe kavu linalozunguka linapata moto haraka. Ukiona ncha imegeuka rangi ya bluu, ujue imepita nyuzi karibu 300, ule ugumu umeondoka na pale makali hayakai tena mpaka unoe kuipita sehemu yote iliyoungua. Chuma cha miaka kumi kinaisha kwa dakika moja.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nahangaika, Okapi mpya si ghali. Ni kweli. Ila kwetu Wamwera ukoo unahesabiwa kwa mama. Vitu vya mwanamume, kwa desturi ya zamani, vilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Siku hizi si rahisi hivyo. Kuna sheria ya dini, kuna ya serikali, na kuna watoto wa mjomba wenyewe ambao wamemuuguza. Shamba la mikorosho amewapa wao, na mimi nasema ni haki kabisa. Mkubwa wao alikitaka na kisu. Kikao cha familia kilichukua jioni nzima kwa ajili ya kitu chenye urefu wa kiganja. Mjomba akasema shamba liende kwa wanangu, kisu kiende kwa mpwa wangu, nisizikwe kama mtu asiyekuwa na ukoo. Mkubwa alikubali. Hakufurahi.

Ruangwa siku hizi wanachimba kinywe, ile inayotafutwa duniani kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Kinywe ni kaboni. Nilimweleza mjomba kwamba kitu kilekile kinachokifanya kisu chake kiwe kigumu kimelala chini ya ardhi ya majirani zetu, kwa mamilioni ya tani. Akauliza kinafuliwa wapi. Nikamwambia kinasafirishwa nje. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kama pembe." Mzee huyo hajawahi kusoma habari za viwanda vya visu vya Sheffield vilivyokuwa na maghala ya pembe za ndovu kwa ajili ya mipini.

Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka tisa, wanaishi Mbagala. Kwa hesabu ya ukoo, anayefuata ni yeye. Bado sijamruhusu kukifungua. Jumapili akija namkabidhi kitambaa na kichupa cha mafuta, nakifungua mwenyewe, yeye anapaka. Anaanzia kwenye pini, anapenda kuisikia ile kra-kra-kra ikilainika.