Paul Tsongas: Mwalimu wa Kujitolea na Swali la Wito

Wengi wetu tunawakumbuka walimu vijana waliotoka ng'ambo kujitolea katika shule zetu. Walimaliza miaka yao miwili, wakaaga, nasi hatukuuliza tena habari zao. Katika makala hii tunafuata maisha ya mmoja wa walimu wa namna hiyo, aliyefundisha Ethiopia, kwa kuwa yanauliza swali linalomhusu kila mtumishi: wito ni nini, na mipaka yake ni ipi?

Paul Tsongas alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Lowell, Massachusetts, nchini Marekani, katika familia yenye asili ya Kiyunani. Lowell ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na vingi vilikuwa vimekwisha kufungwa. Mwaka 1962 alijiunga na Peace Corps, shirika lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka uliotangulia, akapelekwa kufundisha Wolisso, Ethiopia. Miaka ile miwili aliihesabu kuwa ndiyo iliyomjenga.

Aliporudi alisomea sheria. Badala ya kukimbilia mji mkubwa, alirudi Lowell akawa diwani, kisha mbunge, na mwaka 1978 akachaguliwa seneta. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria aliyoipigania, iliyoifanya sehemu ya viwanda vikuukuu vya Lowell kuwa hifadhi ya taifa ya historia. Mji uliodharauliwa ukaanza kujiheshimu tena.

Mwaka 1983 aligundulika kuwa na saratani ya tezi za limfu. Mwanzoni mwa 1984 alitangaza kwamba hatagombea tena, apate kukaa na mkewe na binti zake watatu. Wengine waliona ameacha kazi yake. Lakini Luther alifundisha kwamba ubaba nao ni wito, wala si mdogo kuliko cheo.

Mwaka 1986 alipandikizwa uboho, na mwaka 1992 akagombea uteuzi wa kuwania urais. Alishinda New Hampshire, kisha akashindwa na Bill Clinton. Hapa hatuna budi kusema kweli: katika kampeni ile wananchi hawakuelezwa waziwazi kwamba saratani ilikuwa imerudi mwaka 1987. Yeye aliyeusema ugonjwa wake hadharani ulipomgharimu kiti, hakuusema wote ulipoweza kumgharimu tumaini. Alifariki tarehe 18 Januari 1997, akiwa na umri wa miaka 55, siku mbili kabla ya kumalizika muhula wa urais alioutafuta.

Tusimhukumu upesi, wala tusimfanye mtakatifu asiye na doa. Mwenye haki na mwenye dhambi hukaa katika mtu mmoja. Ndivyo tunavyofundisha, na ndivyo tulivyo sisi wenyewe. Ni wachungaji wangapi wanaouficha ugonjwa wao wasije wakaondolewa katika usharika? Na ni wangapi ambao watoto wao huwaona madhabahuni kuliko nyumbani? Mwanafunzi anayejiandaa kubarikiwa na ajiulize mapema: siku nitakapoambiwa niiweke kazi chini, nitaweza kuiweka?