Chinsaga Haipendi Julai

Mwezi wa Julai, Magwagwa huamka polepole. Ukungu hulala juu ya majani chai, na ukitoka bila sweta utajuta. Ndio mwezi ambao Magokoro, nyanya yangu, alikuwa akisema chinsaga imemkasirikia.

Shamba lake la mboga lilikuwa nyuma ya jikoni, dogo tu. Chinsaga, ile mboga chungu ambayo Waswahili huiita mgagani, ilikaa kando ya zizi, penye mbolea. Rinagu, yaani managu, ilijiotea popote. Enderema ilitambaa kwenye ua. Mstari wa mwisho ulikuwa wa sukuma.

Mbona zote zibanwe pale? Chai, bana. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Swynnerton, uliowafungulia wakulima Waafrika mlango wa mazao ya kuuza. Mwaka 1964 ikaanzishwa KTDA. Mchai ukishapandwa haung'oki leo wala kesho, na kwetu ulishuka mteremko hadi ukagusa jikoni. Pesa za chai zilikuwa za Babu. Mboga zilikuwa za Magokoro, na ndizo tulizokula kila siku.

Halafu baridi nayo ikaingilia. Chinsaga ni mtoto wa joto. Ikifika Julai inadumaa. Sukuma, ndugu yake kabeji, asili yake Ulaya, hufurahia baridi hiyo. Basi mwaka baada ya mwaka mstari mmoja ukawa miwili, kisha minne. Hakuna aliyeifukuza chinsaga. Tuliacha tu kuingoja.

Magokoro aliingoja. Mbegu alizichanganya na majivu, akaziweka kwenye kibuyu juu ya meko mpaka mvua za Machi.

Desemba 2021, UNESCO iliutambua mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili. Nilisoma habari hiyo kwa simu, niko Nairobi, nikashangilia ni kama tumeshinda mechi. Kisha nikakumbuka: Magokoro tulishamzika, na kile kibuyu hakuna aliyekiulizia.

Nilimpigia Mama usiku huohuo. Alikipata darini, kimejaa masizi, na ndani mbegu kama kijiko kimoja. Kama ziko hai, nani ajuaye.

Sasa ni Julai tena, na nina madebe mawili kwenye balkoni. Moja lina sukuma, imenawiri. La pili ni udongo na samadi tu. Jirani ameniuliza mbona nimeliacha tupu.

Si tupu. Linangoja Machi.