Trekta za Karatu, ng'ombe wa Ngorongoro na wasomi wa Mlimani

Kabla sosholojia haijawa somo la darasani nchini Tanganyika, ilikuwa cheo serikalini. Waingereza walikuwa na maofisa walioitwa wanasosholojia wa serikali, na kazi yao ilikuwa kumweleza mtawala watu anaowatawala. Hans Cory, mzaliwa wa Austria, aliandika sheria za mila za Wahaya na Wasukuma; makabrasha yake yamo hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Henry Fosbrooke, aliyefika mwaka 1931 akiwa ofisa utawala, alichapisha mwaka 1948 uchunguzi wake kuhusu mfumo wa jamii ya Wamaasai. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Fosbrooke huyohuyo alikabidhiwa Ngorongoro awe mhifadhi wake, eneo la zaidi ya kilometa za mraba 8,000 lililotengwa na Serengeti mwaka 1959 ili mifugo, wafugaji na wanyamapori waishi pamoja.

Haishangazi basi kwamba Uhuru ulipokuja, elimu hiyo ilitazamwa kwa jicho la pembeni. Anthropolojia hasa ilionekana kuwa mtumishi wa mkoloni. Chuo kilichoanza Oktoba 1961 na kitivo cha sheria katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kilihamia Mlimani na mwaka 1964 kikafungua kitivo cha sanaa na sayansi za jamii. Sosholojia iliingia humo. Anthropolojia haikupewa mlango wake. Likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi uliofuata chuo kikaitisha mkutano kujiuliza kitakuwa na kazi gani katika nchi ya kijamaa. Tangu hapo mtafiti alidaiwa jibu: utafiti wako unamfaa nini mkulima?

Swali hilo lilikuwa na mtego ndani yake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika kwamba jamii ya Kiafrika ya asili haikuwa na matabaka. Ujamaa ulikuwa kuuendeleza undugu uliokwisha kuwapo. Vijana wa Mlimani, waliokuwa wakimsoma Marx na kumsikiliza mwanahistoria Walter Rodney, hawakuridhika. Issa Shivji alipoandika mwaka 1970 kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya nchini, makala hiyo ilitoka katika jarida la wanafunzi, Cheche, na kabla ya mwaka kwisha jarida lilipigwa marufuku. Lakini Shivji alitazama zaidi serikali na mashirika ya umma. Huko vijijini nani angekwenda kutazama?

Hapo ndipo Karatu inapoingia. Philip Raikes, mtafiti Mwingereza aliyefanya kazi chuoni hapo, alikwenda kwenye nyanda za ngano za Wairaqw wa kaskazini, wakati huo zikiwa bado Wilaya ya Mbulu. Alichokuta hakikufanana na kijiji cha undugu. Kulikuwa na wakulima wenye trekta na kombaini, wenye kulima ardhi kubwa kwa ajili ya soko, na kandokando yao majirani wa jembe la mkono. Makala yake iliuita mwenendo huo kwa jina lake: kukua kwa ubepari. Ilitoka mwaka 1975 katika kitabu kuhusu ushirika vijijini kilichochapwa na Tanzania Publishing House, shirika la uchapishaji la umma. Jambo hilo linanipendeza: dola ya kijamaa ililipia wino wa kuambiwa kwamba mabepari wake wapo, wanavuna ngano Karatu.

Ila kuchapisha ni jambo moja na kusikiliza ni jingine. Mwaka huohuo wa 1975 sheria ilibadilishwa na kilimo kikakatazwa ndani ya Ngorongoro. Katikati ya muongo huo pia familia za Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya kreta ziliondolewa, na Operesheni Imparnati ikawa inawapanga wafugaji katika vijiji. Mahindi ambayo hayakuruhusiwa tena kulimwa humo yalibidi yanunuliwe kwa kuuza ng'ombe.

Na ni mwaka huohuo ambapo Lazaro Moringe ole Parkipuny, mwana wa Ngorongoro hiyohiyo, alimaliza tasnifu yake ya uzamili katika Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, Mlimani, iliyohusu mkwamo wa Wamaasai na mageuzi ya ufugaji. Kwangu hapa ndipo historia ya somo hili inapogeuka. Kuanzia Fosbrooke hadi Raikes, aliyeuliza maswali alitoka mbali. Parkipuny alikuwa ameshiriki katika mradi wa ranchi za Umaasaini uliofadhiliwa na Marekani, na alipopelekwa huko kuona ranchi, alijitafutia njia ya kwenda kuwaona Wanavajo, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Aliandika akijua kwamba tatizo haliko kwa mfugaji anayekataa kubadilika tu. Liko pia kwa wanaomletea mabadiliko bila kumuuliza.

Nadharia ya matabaka, niseme kweli, ilimtosha mwenye trekta kuliko mwenye boma. Ilimpima mtu kwa shamba na mshahara. Umiliki wa ng'ombe uliogawanyika kati ya baba, wake na wana uliisumbua. Peter Rigby, aliyefundisha sosholojia Dar es Salaam, alijaribu kuziba pengo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu wafugaji Waparakuyo. Mwaka huohuo Kaj Århem wa Sweden alitoa kitabu chake kuhusu Wamaasai wa Ngorongoro, akionyesha jinsi uhifadhi na maendeleo vilivyokuwa vikiwabana wafugaji.

Parkipuny hakusubiri vitabu. Aliingia bungeni kwa tiketi ya jimbo la Ngorongoro mwaka 1980, akakaa miaka kumi, na mwaka 1989 alisimama Geneva mbele ya kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili kuwasemea Wamaasai na Wahadzabe. Katazo la kilimo lililegezwa mwaka 1992 na Waziri Mkuu John Malecela. Mwaka 1998 Shivji, yule wa Cheche, pamoja na Wilbert Kapinga, walichapisha utafiti kuhusu haki za Wamaasai Ngorongoro. Mwaka 2009 katazo lilirudi.