Boti za Mbao za Ganjoni: Historia ya Kuziunda na Kuzifufua

Ganjoni iko kusini mwa kisiwa cha Mombasa, ikitazamana na Likoni na Mtongwe ng'ambo ya mkondo wa Kilindini. Katika karne ya 20, boti ndogo za mbao zenye mashine zilikuwa sehemu ya maisha ya maji hayo: zilipeleka marubani melini, zilivuta matishali, zilivua na kuvusha watu. Kuifufua boti ya aina hiyo leo huonekana kama burudani ya wachache. Hata hivyo, kazi yenyewe inatokana na ufundi uliokuwepo pwani kabla ya mashine kujulikana.

Ufundi huo ulikua kando ya Bandari ya Kale, upande wa pili wa kisiwa. Mitepe ya visiwa vya Lamu, ambayo mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, iliendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ikatoweka baharini. Majahazi, mashua na madau ya misumari yaliendelea kuundwa, na majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yaliingia Mombasa kwa pepo za kaskazi na kurudi kwao kwa kusi. Katikati ya misimu hiyo chombo kilipwelezwa. Kilisogezwa ufuoni bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, lilipojaa, kikategemezwa kwa magogo, na maji yalipokupwa mabaharia wakakikwangua, wakaziba nyufa kwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta, kisha wakalipaka tumbo lake deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Ubao uliooza ulitolewa na mpya ukatiwa mahali pake. Chombo kiliweza kudumu miaka mingi kwa sababu hakikuachwa kichakae chote kwa pamoja.

Mashine zilianza kufungwa botini Ulaya. Gottlieb Daimler alijaribu boti ya petroli nchini Ujerumani mwaka 1886, na mwaka 1909 Ole Evinrude akaanza kuuza Marekani injini ya kutundikwa nyuma ya boti. Wakati huo Kilindini ilikuwa inabadilika. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, lakini magati ya kwanza ya maji makuu yalikamilika mwaka 1926 tu. Kabla ya hapo meli zilitia nanga katikati ya bandari, na mizigo ikafikishwa nchi kavu kwa matishali. Bandari ya namna hiyo ilihitaji boti isiyongoja upepo. Feri ya Likoni ilianza mwaka 1937, na mwaka 1942 kikosi cha mashariki cha jeshi la majini la Uingereza kiliweka kambi Kilindini baada ya Wajapani kushambulia Ceylon. Manowari zake zilikuja na boti zao ndogo za mbao. Ufuoni Liwatoni, Klabu ya Yoti ya Mombasa ilikuwa na wapenzi wa boti, ambao enzi za ukoloni walikuwa Wazungu.

Mashine ilibadilisha chombo chenyewe. Dau, lenye ncha omo (mbele) na tezi (nyuma), lilikuwa gumu kufungwa injini ya nyuma. Mashua, ambayo tezi yake imekatwa wima, iliipokea kwa urahisi. Injini ya ndani ilidai zaidi: tundu la shafti ya rafadha lilitobolewa nyuma, na magogo mazito yakalazwa juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo, ili kuibeba. Mtikisiko ulilegeza misumari na kufungua kalafati. Kisha likaja tatizo ambalo jahazi halikulijua: rafadha ya shaba na chuma vikiwa pamoja katika maji ya chumvi, chuma huliwa upesi. Ndiyo maana vipande vya zinki hufungwa chini ya maji, viliwe badala yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia faibaglasi ilienea duniani, na boti za mbao zikapungua. Mbao nazo zilipatikana kwa shida zaidi. Mvule na mbambakofi, zilizopendwa na waundaji wa pwani, ni miti inayokua polepole, na mwaka 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma. Hivyo, kuifufua boti kuukuu kukawa pia njia ya kuokoa mbao ambazo si rahisi kuzipata tena.

Mwenye boti asiye fundi hufuata mpangilio uleule wa zamani. Kwanza boti hupandishwa kwa bamvua, na mkuku, uti wa chini wa boti, hutegemezwa sawasawa ili usipinde. Hujengewa kivuli, kwa maana jua la Mombasa hukausha mbao upesi na kuzipasua. Injini hutolewa, ngama (sehemu ya chini ndani ya boti) husafishwa, kisha ukaguzi huanza: nyundo hugongwa kila mahali, na ubao unaotoa sauti nzito hudungwa kwa kisu. Uozo hutafutwa zaidi juu kuliko chini, kwani huletwa na maji ya mvua yanayopenya sitahani wakati wa masika. Maji ya chumvi huuzuia. Chini ya maji adui ni mwingine, kiumbe wa jamii ya chaza mwenye umbo la mnyoo, anayetoboa ubao kwa ndani huku nje ukionekana mzima.

Mataruma hubadilishwa moja baada ya jingine, maana yakitolewa yote pamoja boti hupoteza umbo lake. Ubao wa zamani hutumika kama kipimo cha mpya, ambao huchongwa kwa tezo na randa na kutobolewa kabla ya kupigiliwa, usije ukapasuka. Zamani keekee ndiyo iliyotoboa. Siku hizi ni drili ya umeme. Kalafati hupigwa mbao zote zikishakaa mahali pake. Baadhi ya watu hulifunika tumbo zima kwa faibaglasi. Njia hiyo huwazuia viumbe wanaotoboa, lakini unyevu ukishaingia ndani hukosa pa kutokea, na mbao huoza bila kuonekana.

Rangi ikikauka, boti hushushwa bamvua jingine. Siku za kwanza huvuja hadi mbao zivimbe na kubana kalafati, kwa hiyo pampu huwekwa tayari. Injini hunyooshwa sambamba na shafti boti ikiwa tayari inaelea, kwa kuwa umbo lake majini hutofautiana kidogo na la nchi kavu. Mwisho ni ukaguzi na leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, ambayo husimamia pia vyombo vidogo.